Bibi Hakuwahi Kuumia

Saa tisa na nusu mchana, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya chuo, duka la kuchapa barua lilifurika watu. Hapo ndipo alipojipenyeza dada mmoja mwenye gauni la kijani, viatu mkononi kwa sababu kisigino kimoja kilimng'okea njiani.

"Kaka yangu, nisaidie, dirisha linafungwa saa kumi!"

"Wote hapa linawafungia saa kumi, dada," alijibu kijana aliyekaa kwenye kompyuta bila kuinua macho. Kisha akayainua, na hapo kazi ikamharibikia.

Mtaa mzima ulimwita Katibu. Hapakuwa na barua ya kazi, ya posa wala ya kuomba radhi ambayo haikupitia vidoleni mwake. Yule dada naye aliitwa Dada Meno, kwa kuwa alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno mtaa wa pili. Alikuwa na shahada ya historia, habari ambayo mama yake aliitangaza hadi kwa wauza mkaa. Lakini miaka miwili ya kuwapokea watu wenye maumivu ilimgeuza moyo, akataka kuwa daktari wa meno mwenyewe. Akasoma kemia na baiolojia madarasa ya jioni mwaka mzima, akafanya mtihani wa kujiunga, akafaulu. Chuo kilitenga nafasi kumi na mbili tu kwa wenye shahada za mambo mengine, na hakikupokea mtu aliyepita miaka ishirini na minane. Yeye alikuwa nayo hiyo ishirini na minane. Akikosa mwaka huu, ndiyo basi tena.

Kilichobaki kilikuwa barua ya kueleza kwa nini anataka kazi hiyo. Alikuwa ameiandika kwa mkono. Ilimhusu mzee mmoja aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, na siku aliyowekewa meno ya bandia alicheka wazi mpaka mapokezi yote yakacheka naye.

Katibu aliisoma akatabasamu. Halafu akaogopa. Nani atampa mtu nafasi kwa sababu ya kicheko cha mzee? Katika kompyuta yake alikuwa na aya moja tamu, aliyoitumia kwa kila mteja anayemhurumia: *Nilipokuwa na miaka saba nilimfunga bibi yangu jeraha kwa kipande cha shuka, na tangu siku hiyo nikajua wito wangu.* Akamtoa mzee, akamweka bibi. Akachapa, akaitia bahasha, akaigundisha.

"Sijaisoma," alisema Dada Meno.

"Utaisoma ukikimbia? Nenda, Daktari!"

Jina hilo likamfurahisha hata akasahau kuwa yuko pekupeku. Kesho yake alirudi kushukuru. Keshokutwa alirudi kunakili cheti ambacho alikuwa na nakala zake sita.

Wiki tano zilizofuata, simu zao hazikupoa.

"Haloo, Daktari."

"Bado sijawa, wewe."

"Nafanya mazoezi ya kukuita, mpenzi. Umekula?"

"Nimekula. Nawe acha kutafuna upande mmoja, nimekuona jana. Jino lina shimo. Njoo kliniki."

"Kliniki? Nife kijana hivi? Nani atakuoa?"

"Kwani nani kasema anaolewa?" Lakini alikuwa akicheka, na mama yake chumba cha pili akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

Katibu hakusema neno kuhusu ile barua. Aliweka siri yake kama zawadi. Akichaguliwa, alijisemea, ndipo nitamwambia nani alimbeba. Jamani, wema mwingine ungeomba ruhusa kwanza!

Siku ya usaili Dada Meno alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili. Mezani walikuwa watatu, mwenyekiti akiwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Hapa unasema ulimfunga bibi yako jeraha ukiwa na miaka saba."

"Mimi?"

"Bibi zenu mwaka huu wameumia sana," mama alisema, akifunua mafaili. "Huyu wako ni wa nne. Na wote walifungwa kwa kipande cha shuka. Alipona?"

Angeweza kusema alipona, mambo yakapita. Angeweza pia kumtaja Katibu na kujiosha.

"Bibi yangu hakuwahi kuumia, mama. Barua hiyo nimeileta mimi bila kuisoma, kosa ni langu. Mkiniruhusu, nitawaambia niliyoandika."

Akawasimulia habari za yule mzee. Hakuna aliyemkatiza. Mwenyekiti aliandika kitu kirefu, akasema, "Tutakupigia," kwa sauti isiyo na joto wala baridi.

Alimpigia Katibu akiwa bado kwenye ngazi za chuo.

"Vipi, Daktari wangu? Bibi amefanya kazi?"

"Kwa hiyo ni wewe."

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi..."

"Ulinisoma ukaona sitoshi! Mwaka mzima nimekesha na kemia, wewe umenivika bibi wa kuazima. Usinipigie."

Akakata simu, akalia hadharani bila haya.

Katibu alituma jumbe kumi na nane, mmoja mrefu kuliko mwingine, zenye maua na mashairi. Hakujibiwa hata mmoja. Naye dada, msidhani alikuwa mzima: aliwapangia wagonjwa watatu saa ileile, akaweka simu ya kazini ndani ya friji ya dawa.

Siku ya kumi na tano jino la Katibu likaamua lenyewe. Shavu lilivimba likawa andazi, akaingia kliniki ameinama.

"Jina?" aliuliza Dada Meno, kana kwamba halijui.

"Nakufa."

"Andika hapo, Nakufa. Kaa."

Daktari wa kliniki, mama mnene mwenye utani mwingi, alimdunga ganzi, akaona miguu ya mgonjwa inacheza ngoma. Akaita mapokezi: "Njoo umshike huyu mkono, ataniangushia kiti!"

Akaja. Akaushika mkono ule uliolowa jasho, mwanzo kwa kazi tu, baadaye kwa nguvu. Jino likatoka. Katibu, bingwa wa maneno ya mtaa mzima, hakuweza kutamka hata moja, mdomo umejaa pamba. Akaashiria kalamu. Dada Meno akamwangalia akiandika, akingoja maua na mashairi.

*Barua yako ilikuwa nzuri. Niliogopa utakosa. Nimekosea, nisamehe.*

Akaisoma mara mbili. Machozi yakamtoka, akacheka hapohapo.

"Nimekumisi, mjinga wewe," alisema. "Umenitesa wiki mbili."

Simu yake ikalia mfukoni. Namba ya chuo. Akapokea amesimama wima, mkono mwingine bado umeshikwa. "Ndiyo. Ndiyo, mama. Asante. Asante sana, mama!" Akageuka. "Nimepata! Wamesema nafasi yangu ilijadiliwa kwa saa nzima, lakini nimepata!"

Daktari akapiga vigelegele na koleo mkononi. Katibu akainuka kitini, pamba na yote, akamkumbatia. Kisha akashika kalamu tena.

*Chuo ni miaka mitano. Nikuoe kabla au baada?*

"Kabla," alisema Dada Meno. "Baada yake nitakuwa na foleni ya wagonjwa."

Akampigia mama yake, sauti ikikatikakatika.

"Mama, nimepata!"

"Alhamdulillahi! Umepata nini mwanangu, chuo au mume?"

"Vyote, mama."

Wakamsikia mama akifungua dirisha na kuwaita majirani kwa majina.