Nimefika Hapa

Jirani yangu ni fundi wa programu hospitalini. Si mwoga, na hadithi za wachawi huzicheka mpaka machozi yamtoke. Ndiyo maana aliponisimulia hili kwa sauti kavu, kama anayesoma risiti, mimi ndiye niliyeogopa.

Asubuhi hiyo ukurasa wa vitanda vya wodi ulikuwa unakwama. Kwenye kompyuta yake ulifanya kazi. Kwenye seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, wapi! Akafanya wafanyavyo mafundi wote: akapachika ndani ya programu mstari wa kuandika "nimefika hapa", ajue kazi inakwamia wapi. Kwa haraka zake akaipandisha hivyo hivyo kwenye seva yenye wagonjwa halisi. Mama yake alikuwa kitanda cha sita. Wiki tatu za kumuuguza zilikuwa zimemkausha binti huyu. Hata kulia hakuweza tena.

Seva ikaandika: Kitanda 1. Nimefika hapa.

Kwa kawaida vitanda vyote hupita kufumba na kufumbua. Safari hii zilipita dakika tisa nzima. Kisha: Kitanda 2. Nimefika hapa.

"Ule mstari wako umeutoa?" aliuliza mwenzake wa mitandao, waliyemwita Waya kwa wembamba wake.

"Nimeutoa. Mara mbili."

Simu ikalia. Muuguzi wa wodini alinong'ona. "Dada, mwondoe wa kitanda cha kwanza kwenye mfumo. Amefariki. Na wa pili... hebu subiri." Hakurudi.

Fundi akazima programu, akaiwasha. Kitanda 3. Akazima seva yenyewe. Skrini ikaendelea kuandika. Kitanda 4.

"Ondoka hapo, dada yangu," Waya alinong'ona, mgongo ukutani.

Kitanda 5.

Hakuhisi kitu, anasema. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa baridi. Akaiwasha seva, akafungua rekodi za wagonjwa, akamfuta mama yake. Jina, umri, vipimo, vyote, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Kitanda 6. Hayupo.

Hayupo.

Hayupo.

Skrini ikatulia.

Alipopanda wodini, vitanda vitano vilikuwa vimefunikwa shuka. Kwenye cha sita mama alikaa kitako, analalamikia chai iliyopoa.

"Umechelewa, mwanangu. Kuna mtu alisimama hapa akiniulizia kwa jina, anapekua makaratasi. Nikamwambia, si ndiye mimi! Hakuniona."

Mama huyo yuko nyumbani sasa, mzima, mkali kama zamani. Seva ilibadilishwa, programu ikaandikwa upya. Waya aliacha kazi bila hata kuaga. Lakini kila siku, saa nne na dakika nne asubuhi, seva mpya huandika neno moja ambalo hakuna aliyeiagiza kuliandika: Hayupo. Fundi hulisoma, akaendelea na kazi zake. Ameshazoea, anasema.

Jana maneno yaliongezeka. Alinionyesha kwenye simu yake.

Hayupo. Aliyemfuta yupo.

"Mungu wangu! Sasa utafanyaje?" nilimuuliza.

Akanyanyua mabega. "Kesho nina zamu ya asubuhi. Wewe niangalizie mama tu," akasema, akaniwekea mezani ufunguo wa nyumba yao.