Malengelenge ya Siku ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Cheche alikuwa na kazi ya kumtilia bibi yake dawa ya macho. Tone moja jicho la kulia, tone moja la kushoto, kisha kungoja huku bibi ameinua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Bibi alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, mpaka ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomzibia dunia. Akakaa uani muda mrefu, akipapasa vifungo kwa vidole. Siku alipopelekwa kupasuliwa aliweka nadhiri: akiliona tena tundu la sindano, atakwenda kuhiji kwa miguu mpaka kanisa la mlimani, mwendo wa siku nne. Basi aliliona. Na ahadi ni deni.

Cheche ndiye aliyechaguliwa kumsindikiza, maana mama hakuweza kufunga genge lake la mboga siku zote hizo. Jina hilo lilikuwa la utani. Msichana alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi wa hasira. Alikuwa akiwaka na kuzimika kabla watu hawajajua kilichomuudhi.

Asubuhi hiyo ya safari mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Cheche! Raba zako ziko wapi? Nilizianika hapa mlangoni."

"Zimeachana soli, mama."

Huo ulikuwa uongo mweupe kama viatu alivyokwisha kuvivaa. Raba zilikuwa chini ya kitanda, nzima kabisa, ila zimepauka na kukunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Viatu alivyovaa vilikuwa vipya, vimenunuliwa kwa ajili ya muhula ujao. Kiongozi wa msafara wa hija waliojiunga nao, mzee mmoja seremala, alikuwa amewaonya mahujaji wote kwenye mkutano: "Viatu vipya ni vya harusini. Njiani mtu huvaa kiatu kinachoujua mguu wake." Cheche aliyasikia vizuri. Lakini bendera ya msafara ingebebwa na Twiga, mwanafunzi mwenzake mwenye shingo ndefu na maneno mengi, na Cheche alikuwa ameahidiwa kupokezana naye. Nani atakwenda na bendera mbele za watu, chini amevaa matambara?

Wakaondoka jua likichomoza, watu wengi wakiimba. Cheche alidhani atakuwa mbele. Hakujua bado kwamba kutembea na mtu aliyerudishiwa macho ni mtihani.

"Mbolea bora kwa mkulima bora," bibi alisoma bango kwa sauti, akasimama katikati ya njia. "Umeona, mwenzangu? Wameandika 'bora' mara mbili."

"Nimeona, bibi. Twende."

"Na huyu mkulima waliyemchora, mbona suruali yake imekatwa vibaya? Mguu mmoja mpana, mwingine mwembamba. Fundi gani huyo?"

"Bibi, hiyo ni picha tu!"

"Hata picha inastahili suruali."

Wakaenda kidogo. Bibi akasimama tena kwenye kibao cha daktari wa meno, akataka kujua kwa nini jino limechorwa linacheka. Wakaenda kidogo tena. Akasimama mbele ya ukuta ulioandikwa USITUPE TAKATAKA HAPA, ambao chini yake kulikuwa na takataka zilizofika magotini. Akatikisa kichwa, akasoma maneno yale mara ya pili, kana kwamba makosa yalikuwa kwenye maandishi.

Cheche alivuta pumzi hadi mabega yakapanda. Akina mama wa kwaya waliwapita. Mzee mwenye mkongojo akawapita, akawapungia mkono. Akawapita hata baba mmoja aliyembeba mtoto mabegani, na mtoto yule akawatolea ulimi. Nyuma yao likabaki gari la mizigo peke yake, likijikokota, na dereva wake alipiga honi kila bibi aliposimama.

"Mkwe, una haraka ya kwenda wapi?" bibi alimgeukia dereva. "Kanisa halihami."

Cheche alitamani ardhi ipasuke. Zaidi ya hayo, kisigino cha kulia kilikuwa kimeanza kuwaka moto.

Kwenye mapumziko ya kwanza, katika kiwanja cha zahanati moja ya njiani, muuguzi wa msafara alipita kwa kila mtu na mkoba wake. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Anayeumwa mguu aseme sasa!" alitangaza. "Kidonda cha asubuhi nakitibu kwa plasta. Kidonda cha jioni kinanitibu mimi! Wewe binti, vipi miguu?"

Cheche alimkumbuka kiongozi, ambaye alikuwa amesema wazi kwamba atakayeshindwa siku ya kwanza atarudishwa nyumbani pamoja na mwenziwe. Akavificha visigino chini ya sketi.

"Shikamoo, mama. Mimi mzima."

"Marahaba. Una uhakika?"

"Mzima kabisa."

Twiga akaja akikimbia, bendera begani. "Cheche! Zamu yako ni baada ya chakula cha mchana. Lakini mbona mko nyuma hivyo? Sisi tulidhani mmerudi nyumbani."

"Muulize bibi," Cheche alijibu huku ameuma meno.

Baada ya hapo jua lilipanda na barabara ikapanda nalo. Soksi ya Cheche iliteleza ikajikusanya chini ya unyayo. Kila hatua kiatu kilimng'ata kisigino kama mbwa aliyefunzwa. Alijaribu kukanyagia vidole, vidole vikalalamika. Alijaribu kukanyagia upande, goti likalalamika. Na bibi, kama vile hayo hayatoshi, akasimama mbele ya nguzo ya umeme.

"Sifuri, nne, saba," alisoma.

Cheche aliwaka.

"Bibi! Sasa utasoma mpaka namba za nguzo? Watu wote wametuacha! Tumekuwa mkia wa msafara kwa sababu yako! Ningekuwa peke yangu ningeshafika!"

Maneno yakishatoka hayarudi. Bibi alitembea mpaka kwenye ukingo wa daraja dogo lililokuwa mbele, akaketi, akapigapiga jiwe kando yake.

"Keti. Vua kiatu."

"Kwa nini?"

"Vua, mjukuu wangu. Sikupasuliwa macho ili niyafumbe."

Cheche alivua. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi, na pale kisigino palikuwa pamelowa damu. Lengelenge lilikuwa limekwisha kupasuka. Bibi alilitazama, kisha akaanza kusema polepole, na safari hii ni yeye aliyekuwa amechoshwa.

"Tangu tulipotoka kwenye mbolea nakuona unakanyaga kama anayepita juu ya mayai. Nikasema, nisimame, apumzike, huenda atasema mwenyewe. Nikasimama kwenye meno; kimya. Nikasimama kwenye takataka, na harufu ile yote, kimya! Wewe unadhani mimi namba ya nguzo ina faida gani kwangu? Nitaishona?"

Cheche aliinamia kisigino chake.

"Ile suruali tu ndiyo niliyoitazama kwa kupenda," bibi aliongeza. "Ilikatwa vibaya kweli."

Hapo machozi yakamtoka Cheche. Akaeleza yote kwa kwikwi: raba zilizo chini ya kitanda, uongo aliomwambia mama, uongo aliomwambia muuguzi, na bendera. "Nilijua nikisema tutarudishwa. Na nadhiri ni yako, bibi. Nimekuharibia."

Dereva alikuwa amekwisha kusimamisha gari na kumpigia simu muuguzi, aliyerudi kutoka mbele akihema, kiongozi nyuma yake. Muuguzi alipoona kisigino alishika kiuno.

"Asubuhi nilikuuliza kwa lugha gani? Nilikuuliza kwa Kijerumani?"

"Hapana, mama."

"Ungesema, ningebandika plasta, ukabadili viatu, yakaisha. Sasa tazama!" Alikiosha kidonda kwa maji safi, akakipaka dawa, akakifunika kwa kitambaa, na muda wote huo aliguna kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

Kiongozi alikuna kidevu. "Nilisema na sitaki kugeuka kigeugeu. Anayeshindwa siku ya kwanza anarudi, na mwenziwe anarudi."

Bibi alitazama chini. Hakuomba wala hakulalamika, na Cheche akaona afadhali angegombezwa. Akajifuta machozi kwa kiganja, akasimama kwa mguu mmoja.

"Mzee, kosa ni langu peke yangu. Nirudishe mimi. Akina mama wa kwaya watamwangalia bibi, na dawa zake za macho nitawaonyesha namna ya kumtilia. Yeye hajashindwa."

Kiongozi alikuna kidevu tena. Muuguzi ndiye aliyemkwamua. "Mzee, mtoto hajavunjika mguu. Apande gari mpaka tutakapolala, kidonda kipate hewa na kupumzika. Kesho nitakitazama. Kikiwa safi atatembea, kikiwa kibaya nitamrudisha mimi mwenyewe."

"Haya," kiongozi alikubali. "Lakini bendera aisahau."

Cheche akapanda gari, akabanwa kati ya magodoro na masufuria. Katika kila shimo la barabara sufuria ilimgonga mgongoni, na dereva alisimulia njia nzima jinsi honi yake ilivyodharauliwa. Wakaupita msafara wote. Wakampita Twiga na bendera yake, akabaki kinywa wazi. Cheche alijiinamia nyuma ya godoro. Njia aliyokuwa akitamani iishe upesi sasa aliiona ndefu kupita kiasi.

Walilala katika shule moja ambayo madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani. Cheche, akiwa amevaa soksi safi na kandambili, hakukaa bure. Alitandika mikeka, akawachotea watu maji ya kunywa, akamwomba mpishi maji ya moto kidogo. Msafara ulipoingia jua likishuka, bibi alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Aliketi juu ya mkeka. Cheche akaleta beseni, akapiga magoti.

"Pole na safari, bibi. Lete mguu."

"Weka tu hapo. Nitajiosha mwenyewe."

"Umechoka. Lete nikuoshe."

"Nimesema nitajiosha!"

Cheche alimtazama. Bibi akatazama dirisha. Msichana akaufuata mguu pale ulipofichwa chini ya kitenge, akavua kiatu, akavua soksi. Chini ya unyayo palikuwa na lengelenge zima, limevimba, kubwa kama kifungo cha koti.

"Bibi! Hiki ni nini?"

"Kitu kidogo tu."

"Kimeanza lini?"

"Asubuhi asubuhi hivi."

"Na muuguzi alipopita kuuliza?"

Bibi alikohoa. "Nilikuwa nakunywa maji."

Cheche hakujua acheke au alie. Alijikuta ameshika kiuno, kama alivyofanya muuguzi. Kisha akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja, bibi akimwita nyuma, "Mwenzangu, usimwite yule mama, ana kelele!" Lakini muuguzi alikwisha kusikia. Aliingia na mkoba wake, akautazama unyayo, akamtazama bibi, akamtazama mjukuu, akajitupa chini kwenye mkeka.

"Nyie ukoo mzima mna ugonjwa gani?" aliuliza. "Mtoto anaficha asirudishwe. Bibi anaficha nini?"

"Niliona haya," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto nimemgombeza kwa kuficha, halafu niseme na mimi ninacho? Na niliogopa nikipanda gari nadhiri itahesabiwa imevunjika."

Muuguzi alilisafisha lengelenge taratibu bila kulipasua, akalizungushia pamba, kisha akasema, na mara hii sauti yake ilishuka.

"Nisikilizeni wote wawili. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwili hauna siri. Usipousemea, wenyewe utasema, na husema wakati mbaya. Anayesema 'naumwa' mapema hajashindwa. Amewapa wenzake nafasi ya kumsaidia. Na wewe, binti, uongo wako ulianza na raba. Uliusema ili upendeze mbele za watu, ukalazimika kuulinda kwa uongo wa pili, na wa pili ukakutoa damu. Mama yako ana haki ya kuusikia ukweli kutoka kwako."

"Nitampigia simu sasa hivi," Cheche alisema. "Nisamehe, bibi. Na yale maneno ya mkia wa msafara, nisamehe pia."

"Yamekwisha," bibi alimvuta kichwa kifuani. "Na wewe nisamehe. Nilikuona, lakini sikukuuliza. Nilizunguka mabango mchana kutwa badala ya kukuambia, 'Mjukuu wangu, unaumwa?' Na mimi nilificha vilevile."

Kiongozi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Kesho mtakwenda wote wawili," alisema, "nyuma kabisa, polepole, kwa kandambili na soksi. Watu watacheka."

"Wacheke," alijibu Cheche.

Muuguzi alifunga mkoba, akajikokota kusimama, akapiga miayo. Alikuwa amefika mlangoni Cheche alipomwita.

"Mama, samahani. Na kidole gumba cha mguu wa kushoto kinauma. Nadhani kuna kingine."

Muuguzi alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akarudi, akaufungua tena mkoba. Kabla hajashika plasta, bibi naye alikohoa kidogo, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na mimi," alisema, "kuna hili goti."