Walinzi Sifuri

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, Nyamirambo. Watu wanne, laptop moja. Ntare, mkubwa wao, alikuwa amesimama.

"Sangwa, sema tena. Hiyo gari iko na warinzi?"

"Sifuri, bosi. Iko dereva peke yake."

Gari la kubeba dhahabu walilopanga kuliteka lilikuwa la kampuni iliyotoka Tanzania, na mfumo wake uliongea Kiswahili. Kila dakika tovuti ya kampuni ilirudisha jibu la JSON: jina la kitu, nukta mbili, thamani yake. Skripti ya Sangwa ndani ya kivinjari ililichambua jibu hilo, ikachomoa njia, dereva na idadi ya walinzi. Mdogo wa Sangwa, Ilyasi, ndiye ambaye angefungua mlango wa gari. Sangwa aliogopa, tena sana.

Ntare akamgeukia Kamikazi, mwanamke aliyekulia Dodoma. "Wewe umesoma hiyo kazi yake?"

"Niliisoma jana. Haina kasoro."

Ntare akakusanya simu zote kwenye mfuko, kama kawaida yake kabla ya kazi. Akatoka nazo, yeye na Ilyasi. Hawakuaga.

Saa 4:02.

Gari liliingia Kimihurura, mtaa ambako Ntare na Ilyasi walikuwa wakilivizia. Roho juu, Sangwa akafungua jibu lenyewe alisome kwa macho yake. Mstari wa saba: "walinzi": 3.

Skripti ilisema sifuri.

Akarudi kwenye skripti yake. Alikuwa ameandika "warinzi", kwa r badala ya l, jinsi alivyolitamka tangu utotoni. Jina hilo halikuwepo kwenye jibu, na ni yeye aliyeiamuru skripti: ukikosa thamani, weka sifuri. Kompyuta haikulalamika. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Safari hii kichwa kilikuwa cha Ilyasi.

"Kamikazi! Hii uliiona?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

"Ntare alimuuza mume wangu kwa polisi. Alifia ndani."

"Na Ilyasi? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Ningemwokoa yeye, Ntare naye angepona."

Sangwa alikimbilia mlangoni, akasimama. Simu hana. Hata kwa pikipiki, asingefika.

Saa 4:09.

Jibu jipya. Walinzi walikuwa wametuma taarifa: "hali": "shambulio", "majambazi_waliokufa": 1.

Akatafuta jina. Halikuwepo. Akalisoma jibu upya kwa kidole, herufi moja moja, akimwomba Mungu aliyemsahau miaka mingi kwamba aliyekufa awe Ntare.

Kamikazi naye alikuwa akiomba hivyo hivyo, kwa sauti.