Mwenye Kuonyesha Viwanja

Tope lilipozoa nyumba nane za chini, sisi tuliobaki hapa kwetu kwenye milima ya Pamir tuliambiwa tuhame kabla theluji ya mlimani haijaanza kuyeyuka. Kila mtu ajitafutie pa kujenga. Basi jua likizama nikabeba vigingi na kamba, nikapanda kwenye tambarare iliyo juu ya kijiji.

"Wewe?" mke wangu Savsan alikuwa amenicheka nikitoka nyumbani. "Hata kuku hujui kumchagulia pa kulala!"

Nikapigilia kigingi cha kwanza. Cha pili...

Harufu ikanijia. Tope bichi.

Wala mvua wala theluji haikuwa imeanguka mwezi mzima.

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu mitupu, gauni likimchuruzika maji.

"Si hapa, baba," akanong'ona. "Hapa mlima unapapenda. Jenga kule, chini ya jabali."

"Wewe ni wa nani, mama?"

Akanyoosha kidole tu. Kucha zake zilijaa udongo, kama za mtu aliyechimba kwa mikono. Nikapepesa macho.

Jiwe tupu. Limelowa.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nyumbani, mama mkwe wangu, Zarbegim, alikuwa anamegea mkate ndani ya chai ya maziwa na chumvi. Nikamsimulia. Mkono wake ukasimama.

"Huyo ni Niso," akasema. "Nilikuwa mwari tope lilipomfukia pale juu, yeye na wanawe. Walikimbia mafuriko, masikini, wakaona huko ndiko salama."

"Basi ananionya."

"Jirani yetu wa zamani, Yorbek, naye alionywa na Niso hivyo hivyo. Akamsikiliza, akajenga chini ya jabali. Mlima ukaporomoka, tukatoa maiti saba, mwanangu. Wengine hatukuwaona."

"Na waliokataa kumsikiliza?"

"Hao tulikuwa tumeshawazika."

Savsan hakucheka tena. "Sasa mama, anaonya au anaita?"

"Labda hata mwenyewe hajui."

Tukajenga mahali pa tatu, karibu na daraja, alipopachagua mpimaji wa ardhi kwa vyombo vyake. Mwezi ukapita, kimya. Kisha Savsan akaanza kutembea peku kwenye barafu. Nikimuuliza, anasema viatu vinambana. Chakula akawa anakisogeza tu.

Jioni moja natoka kusaga unga, nikaona familia ngeni imesimama njiani karibu na nyumba yetu: mume, mke mwenye mtoto mgongoni, na punda aliyebeba vigingi. Savsan alikuwa mbele yao. Ananong'ona.

"Si hapo, baba. Jengeni kule."

Kidole chake kilielekea kwenye jabali.

Pindo la gauni lake lilikuwa linadondosha maji.

"Savsan!"

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Yule mume alikwisha kushukuru na kumgeuza punda. Nikakimbia, nikashika kamba. "Msiende! Kule watu wamekufa!"

Akatazama jabali. Akatazama tambarare. Akatazama nyumba yangu, na mke wangu aliyesimama peku nyuma yangu. Mtoto analia kwa baridi.

"Basi, ndugu yangu," akauliza kwa upole, "tujenge wapi?"

Nikafungua kinywa. Nyuma yangu maji yakidondoka... tone... tone...

Sikuwa na pa kumwonyesha.