Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Gari lile liliingia uani kwa mdogo wangu Ngari, katika mji mdogo wa Kwanza, siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Nilikuwa nimetoka Kitale asubuhi hiyo kwenda kumsaidia kuchagua mbegu za mahindi, nikamkuta analizunguka gari jeupe na kitambaa mkononi, akifuta vumbi ambalo bado halijatua. Mimi ni karani mstaafu. Nilihudumu katika ofisi za serikali mjini Kitale hadi tarehe 30 Juni 2009, na kazi ile ilinizoesha kutosema jambo nisilolijua. Haya niliyaona mwenyewe, isipokuwa pale nitakapoeleza kwamba nilisimuliwa.

Lilikuwa gari lililokwisha kutumika Japani. Ngari alilipenda kwa vitufe vyake. Kulikuwa na kitufe cha kukunja vioo vya pembeni, kingine cha kufungua buti, na viwili vya kupasha joto viti vya mbele, jambo la maana sana katika baridi yetu ya Trans-Nzoia. Ukiliwasha, sauti laini ya mwanamke ilisema maneno machache ya Kijapani, kisha ikanyamaza. Wajukuu walijifunza kuiiga. Kwenye kioo cha mlango wa buti, chini kabisa, palikuwa na kibandiko cha sungura wa rangi ya waridi. Waosha magari wa Kitale walikikwaruza hadi wakachoka. Ngari alisema kiachwe, ni pambo.

Tena kulikuwa na kengele ya mikanda. Mtu akikaa bila kuufunga mkanda wake, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi na kengele ikalia bila kuchoka.

Aliyeichukia kengele hiyo kuliko wote ni Wabwile, mzaliwa wa Matulo karibu na Webuye, mshirika wa Ngari katika biashara ya mahindi kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa kifua kipana, na kiti cha mbele kushoto kilikuwa chake.

"Funga mkanda, Wabwile. Gari inalia."

"Wacha ilie, bana. Kwani mimi ni mbuzi ya kupelekwa soko?"

"Basi nazima moto wa kiti."

"Ai, hapo sasa umenishika," alisema, akaufunga huku akicheka.

Siku ya Alhamisi, tarehe 8 Juni, Wabwile alishikwa na maumivu ya kifua akiwa ghalani Kwanza. Ngari alimwingiza garini akashika njia ya hospitali. Sehemu hii nilisimuliwa na Ngari mwenyewe. Kengele ililia tangu walipoondoka. Wabwile aliusukuma mkanda kando kwa mkono dhaifu. "Usinifunge, Ngari," alinong'ona. "Kifua kinabanwa." Lakini Ngari alikuwa amechanganyikiwa na mlio ule ulikuwa unamtoboa kichwa, basi aliunyosha mkono akauvuta mkanda, akaufunga.

Kengele ikanyamaza. Kabla ya kufika Kitale, Wabwile naye alikuwa amenyamaza.

Tulimchukua kutoka mochari tarehe 17 Juni, siku ya Jumamosi, kumpeleka Matulo kuzikwa. Shangazi yake, Mama Nabwile, ndiye aliyepangiwa kukaa kando ya jeneza katika gari la maiti. Kabla ya kupanda alimwendea Ngari.

"Huyu mtoto wetu alikufia kwa gari gani?"

Ngari alimwonyesha, akamweleza na habari ya mkanda.

"Basi utufuate nyuma. Tukifika daraja ya Kamukuywa tutasimama, nimwambie tunavuka maji. Na wewe simama. Fungua mlango yake, umwite kwa jina, umwambie ashuke aingie huku kwa wenzake. Wewe ulimfunga. Wewe ndio utamwambia."

Mdogo wangu ni mzee wa kanisa, na hapo palikuwa na waumini wenzake. "Mama," alijibu, "Wabwile yuko kwa Bwana. Hayuko kwa gari."

Yule mama alikitazama kiti cha kushoto kwa muda. "Sijauliza yuko kwa nani," alisema. "Nimeuliza alishukia wapi."

Nilisafiri na Ngari, nikiwa nimeketi nyuma. Darajani Kamukuywa gari la maiti lilisimama, na dirisha likiwa wazi tulimsikia Mama Nabwile akimweleza marehemu habari za mto kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto. Ngari hakusimama. Alilipita gari lile akavuka.

Tulipofika ng'ambo, kengele ilianza kulia.

Mimi nilikuwa nimefunga mkanda. Ngari pia. Taa iliyowaka ilikuwa ya kiti cha mbele kushoto, ambacho hakikuwa na mtu wala mzigo.

"Ni sensa ya kiti, ile ya kuhisi uzito, imeharibika," alisema Ngari. Hakukitazama kile kiti. Alivuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaufunga. Kimya kikarudi. Mimi niliyekuwa nyuma niliuona vizuri mkanda ule. Haukulala kwenye kiti. Ulikaa mbele yake, umetuna, kama uliozunguka kifua kipana.

Wabwile alizikwa. Wiki zikapita. Ngari aliendelea kuendesha gari huku mkanda wa kushoto umefungwa, na kila aliyemwomba lifti alimwambia akae nyuma. Mkewe, Wamboi, ndiye aliyenipigia simu mwezi wa Julai. Alisema Ngari halali. Anaketi kitandani akivuta pumzi kama aliyekimbia. Alisema pia kwamba asubuhi, kabla gari halijawashwa, kiti cha kushoto huwa na joto.

Nilimshauri Ngari alipeleke gari kwa Gathii, fundi tuliyemzoea mjini Kitale. Muda wa sevisi ulikuwa umefika hata hivyo. Nilikwenda naye. Gathii alimwaga oili ya zamani, akabadilisha filta na plagi, akakagua bureki, yote kwa utulivu na utani wake wa kila siku. Kisha akaingia chini ya kiti cha kushoto.

"Hii ni kitu kidogo, mzee," alisema. "Chini ya kiti kuna sensa. Natoa waya, hiyo kelele inaisha kabisa."

Aliitoa waya akatuonyesha mkononi. Halafu akaufungua mkanda ili apate nafasi ya kufagia kiti.

Kengele ikalia.

Gathii aliitazama waya. Akaitazama dashibodi. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Ngari, na gari lilikuwa limezimwa. Polepole, kwa ncha za vidole, fundi yule aliurudisha mkanda mahali pake. Alitoka kinyumenyume. Alijifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Mzee Ngari," alinong'ona, "oili iko sawa. Bureki iko sawa. Hiyo ingine, peleka kwa wenyewe."

Ngari hakutaka kusikia. Alikwenda hospitali badala yake, mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa moyo wake ni mzima. Tarehe 22 Agosti nilikwenda Kwanza nikamkuta amekonda, ameegemea ukuta, hawezi kumaliza sentensi. Nilimwomba avue shati.

Kifuani palikuwa na alama ya mkanda, pana, nyeusi, imezama ndani ya nyama. Nilidhani ni kwa sababu ya kuendesha sana. Kisha nikaitazama tena. Nchini mwetu dereva huketi upande wa kulia, na mkanda wake hushuka kutoka bega la kulia. Alama ya Ngari ilianzia bega la kushoto.

"Inakaza kila siku," alinong'ona. "Kidogo kidogo. Kaka, sina wiki nyingine."

"Kesho tunakwenda Matulo," nilimwambia.

"Kanisani watasema nini?"

"Watasema watakayosema kwenye mazishi yako, kama hutaki kwenda."

Tuliondoka Jumatano asubuhi, tarehe 23 Agosti. Mama Nabwile alikuwa ameulizwa kwa simu. Jibu lake lilikuwa fupi: Ngari aendeshe mwenyewe, afanye lile aliloambiwa, na asimame mara moja tu. Niliketi nyuma. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha tangu Kiminini. Ngari aliushika usukani kwa mikono miwili, na pumzi yake ilisikika juu ya sauti ya injini.

Karibu na Kamukuywa alianza kukohoa. Mkanda wa kushoto ulikuwa unasonga. Unapanda. Unashuka. Taratibu. Nilichukua muda kuelewa kwamba ulikuwa unakwenda pamoja na pumzi ya mdogo wangu.

Akasimama kabla ya daraja. Akashuka, akazunguka mbele ya gari kwa kushika boneti, akaufungua mlango wa kushoto. Mvua ilimlowesha. Alikibonyeza kifungio. Kikakataa. Akabonyeza tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mwite," nilimwambia.

"Wabwile."

Hakuna kitu.

"Wabwile, ni mimi, Ngari. Uliniambia nisikufunge, nikakufunga. Nikakufunga tena hapa hapa." Alipumzika kidogo. "Tunavuka maji, ndugu yangu. Nakupeleka kwa shangazi yako. Nisamehe."

Kifungio kikafunguka. Kengele haikulia. Mikanda ya gari hurudi kwa kishindo ukiiachilia. Huu ulirudi polepole sana, kama unaoshikwa na mkono, hadi ukaingia mahali pake. Ngari aliinama juu ya mlango akavuta pumzi ndefu. Nilimsikia akilia.

Huko Matulo, Mama Nabwile alikuwa amesimama njiani bila mwavuli. Hakutusalimia. Aliufungua mlango wa kushoto, akasema maneno kwa Kibukusu, akanyosha mkono. Kisha akaenda kaburini hatua kwa hatua, kiwiko chake kikiwa kimekunjwa kama anayemsaidia mgonjwa. Aliporudi alikuwa peke yake na mkono wake ulining'inia.

"Imekwisha," alisema. "Mzee, wewe rudi mbele sasa. Hicho kiti ni kiti tu."

Basi niliketi mbele kushoto. Kiti kilikuwa baridi. Ngari alifungua shati akanionyesha, ile alama ilikuwa imeanza kufifia. Njiani alizungumza bila kukatika, akauliza bei ya mbegu, akanitania kwamba nimezeeka nahitaji moto wa kiti. Alikibonyeza kile kitufe mwenyewe. Sijui lini niliwahi kumpenda ndugu yangu kama saa ile.

Darajani Kamukuywa, kengele ikalia.

Niliushika mkanda wangu. Umefungwa. Ngari akaushika wake. Umefungwa. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi mahali ambapo hatukuwahi kuiona ikiwaka. Kiti cha nyuma. Katikati.

Ngari alisimamisha gari. Hatukugeuka mara moja. Tukasikia kitambaa kikivutwa. Kisha mlio mdogo wa kifungio. Ta.

Kengele ikanyamaza.

Nilipogeuka, mkanda wa katikati ulikuwa umefungwa. Ulikuwa mfupi. Niliweka kiganja changu ndani yake na hapakubaki nafasi kubwa. Ungemtosha mtoto ambaye bado hajaanza shule. Nyuma yake, kwenye kioo, alikuwapo yule sungura wa waridi.

"Kaka," alinong'ona Ngari. "Mwite ashuke."

"Nimwite nani?"

Tulikaa pale darajani, wazee wawili, hatuna jina la mtoto, hatuna lugha yake, wala hatujui maji ya kwao yako wapi.

Kifua cha Ngari kimepona. Gari liko Kwanza, limefunikwa turubai, kwa sababu hakuna aliyekubali kulipanda, naye Ngari hataki kumpa mtu mwingine asichoweza kukieleza. Gathii alishauri liwashwe kila wiki ili betri isife. Ngari huliwasha kila Jumamosi, naye huingiza mkono tu dirishani. Nimesimama naye mara nyingi. Injini hunguruma. Yule mwanamke husema maneno yake machache, kwa upole, na sasa nadhani najua anaagiza nini.

Kisha nyuma hulia kile kifungio.

Jumamosi iliyopita nilijikaza nikaufungua mlango, nikaweka mkono juu ya kiti cha nyuma, pale katikati. Kilikuwa na joto. Viti vyenye kitufe cha joto katika gari lile ni viwili tu, na vyote viko mbele.