Presha ya Kushuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uzi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, kwa kuwa macho ya mama yake hayakuliona tena tundu. Kazi hiyo, pamoja na wembamba wake, ndiyo iliyompa jina. Ya pili ilikuwa kumletea mama kidonge cha presha na glasi ya maji, kisha kusimama hapo mpaka ameze.

"Unanilinda kama mahabusu," mama alizoea kulalamika.

"Fungua mdomo nione," Uzi alijibu.

Waliishi wawili tu, na cherehani ndiyo iliyowalisha.

Vidonge vilipunguza presha, lakini havikutosha. Daktari wa zahanati akaongeza tiba nyingine: sindano nyembamba zisizo na dawa, zinazopitishiwa umeme mdogo. Ijumaa, baada ya masomo, Uzi alimsindikiza mama. Daktari alimlaza kwenye kitanda ambacho ngozi yake ilikuwa imechanika, akamchoma sindano juu kidogo ya viganja, akaziunganisha kwa nyaya na kisanduku cha betri. Vidole vya mama vikaanza kurukaruka vyenyewe.

"Miaka yote nachoma nguo sindano," mama akasema, "leo nguo ni mimi."

Baada ya muda mfupi alisinzia. Uzi akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, presha iko kwenye mishipa ya damu. Mbona unamchoma mikono?"

"Chini kabisa ya ubongo, unapokutana na uti wa mgongo, pana shina la ubongo," daktari alieleza. "Humo mna seli za neva zinazoiamuru mishipa ijibane. Zikifanya kazi kupita kiasi, presha hupanda. Umeme huu unaamsha neva ya mkono, ujumbe unafika kwenye ubongo, na seli zile zinatulizwa."

"Zinazimwa?"

"Hapana. Ni kama mama yako anapopunguza kasi ya kukanyaga cherehani. Mguu haujaondoka. Baadaye seli hurudia kasi yake, na watu wengine hawapati nafuu hata kidogo. Kwa hiyo vidonge haviachwi."

Uzi alielewa. Mama alikuwa akikoroma.

Baada ya majuma kadhaa, daktari alipima na kuridhika. "Presha imeshuka, mama."

Jioni hiyo jirani yao, msichana aliyesoma darasa moja na Uzi na kuitwa Redio kwa sababu hakuzimika, alikuja kuchukua sketi yake. Akaisikia habari hiyo.

"Imeshuka? Jamani! Bibi yangu ana presha ya kushuka. Anaanguka hovyo. Hiyo ni mbaya kuliko ya kupanda!"

Mama aliweka mkasi chini. "Kumbe sasa ninayo ya kushuka, na bado nameza dawa ya kushusha? Si nitajimaliza mwenyewe?"

"Mama, daktari hakusema hivyo. Alisema imeshuka, yaani imekaa vizuri. Vidonge..."

"Tangu lini umekuwa daktari?" Mama alivimimina vidonge kwenye kopo la vifungo. Vilikuwa vidogo na vyeupe, vikapotea kati ya vifungo vya mashati. "Na usinisemee huko zahanati. Daktari ataniona mjinga."

Walipokwenda tena, daktari alimchoma sindano kama kawaida, kisha akapima, akapima mara ya pili. "Imepanda sana. Dawa unameza, mama?"

"Kila siku."

Daktari akamgeukia Uzi. "Kweli?"

Mama alimgeukia pia. Alimtazama tu. Uzi aliangalia nyaya za kile kisanduku.

"Kweli," alisema.

"Basi huenda sindano hazimfai," daktari alisema, akazichomoa kwa mikono ya mtu aliyekata tamaa.

Siku chache baadaye, Uzi alirudi kutoka shule akakuta cherehani kimya. Mama alikuwa sakafuni, nusu ya mdomo imelegea, mkono wa kushoto hauinuki. Alijaribu kusema neno, likatoka limevunjika. Uzi alipiga kelele mpaka majirani wakaja na gari. Kabla ya kupanda, alirudi ndani akalichukua kopo.

Huko zahanati, daktari aliwaambia wauguzi waandae gari la kwenda hospitali kubwa. Alianza kuwaandikia wenzake wa huko. "Amepata kiharusi licha ya kumeza dawa," alisema huku akiandika. "Watahitaji kumpa kali zaidi."

"Hajameza." Uzi alimwaga kopo mezani. Vifungo vilitawanyika, na vidonge pamoja navyo. "Nilijua. Nilikudanganya."

Daktari alivitazama. Kisha akakata sentensi yake, akaandika nyingine.

Mama alirudi nyumbani akiwa hai na akizungumza, lakini mkono wa kushoto haukuweza tena kuongoza kitambaa. Mishono yake ilikwenda upande, na wateja wakapungua. Sasa Uzi ndiye aliyeongoza kitambaa baada ya masomo.

Ijumaa waliyorudi zahanati, daktari aliuliza kama kawaida, "Dawa anameza?"

"Jana alisahau," Uzi alisema.

Mama aligeuka kwa hasira, akafungua mdomo, kisha akautazama mkono wake uliolala mapajani. "Ni kweli," akasema.

"Vizuri," daktari alisema. "Nisikilizeni wote. Sindano hizi zinaweza kutuliza seli za ubongo kwa muda. Vidonge vinashusha presha. Lakini mimi sioni kilichomo tumboni mwa mtu, natibu ninachoambiwa. Nikiambiwa uongo, nautibu uongo, na mgonjwa anabaki peke yake. Na wewe, mama, usipoelewa neno langu, niulize mimi. Usimuulize jirani."

Akamchoma sindano mikono yote miwili, akawasha kisanduku. Mkono wa kulia uliruka. Wa kushoto, Uzi aliutazama kwa muda mrefu, nao ukatikisa kidole kimoja tu.