Ishara Aliyofundishwa Kristina

"Zima hilo gitaa, Kristina! Umetuharibia tena!"

Ignas alifoka mbele ya bendi nzima, yule yule aliyepeleka posa Matombo kwa mjomba wake Kristina. Kiwanda kilichomiliki bendi kilikuwa kimeuzwa, tajiri mpya hataki muziki, bendi ikahamia baa ya Mama Josephina, Mwembesongo. Mama alitaka mpiga gitaa la solo mmoja tu. Leo anachagua: Ignas au mchumba wake, na Kristina ndiye aliyetangulizwa kujaribiwa.

Peke yake chumbani Kilakala, Kristina alikuwa moto. Alianza kwa kuiga nyimbo za redioni, akazichoka, akawa anabuni zake palepale, vidole vikitangulia kichwa. Lakini tangu asubuhi, kila akianza kunoga, drams zinamkatia, anabaki ananing'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Muziki wa kujifungia chumbani ndio huo," Ignas akasema. "Rudi nyumbani, mpenzi. Mimi nitapiga, wewe utapika."

"Mpenzi wako nani, na kunidhalilisha kote huku?"

Hashimu, mpiga drams, akatupa vijiti chini.

"Nimechoka na huyu dada! Anakata mwenyewe, halafu ananikodolea macho!"

"Mimi? Kila nikikuomba uendelee, unafunga wimbo!"

"Unaniomba kwa kitu gani?"

"Kwa mguu! Si nakanyaga?"

"Dada, kukanyaga ni kufunga. Toka tuko kiwandani, mguu ukishuka tunafunga. Ukitaka tuendelee unainua shingo ya gitaa. Nani kakufundisha kukanyaga?"

Kristina akamgeukia Ignas. Mara ngapi Kristina aliomba kuja mazoezini? Ignas alikataa katakata: mchumba wa mtu hakai na wanabendi, ishara zote atamfundisha yeye mwenyewe. Na kweli alimfundisha, mshenzi yule.

"Kris, niliogopa kukupoteza..."

"Uliogopa kupoteza nafasi! Tangu asubuhi najiona sina kipaji, nalia, na wewe unanifuta machozi! Mnafiki mkubwa!"

"Basi yaishe. Harusi si ipo palepale?"

"Harusi na nani? Nenda Matombo, ukamwambie mjomba kwa mdomo wako kwa nini posa inarudi. Mimi sikusaidii hata neno."

"Nakupenda, Kris."

"Nami nilikupenda, Ignas. Ndiyo maana uliponifundisha sikukuuliza mara mbili."

Mama Josephina akasonya.

"Hashimu, okota vijiti. Ignas, sogea huko."

Wakaanza upya. Katikati Kristina alipotea kweli, vidole vikakosa pa kwenda. Hashimu hakumkatia, alipunguza kishindo, gitaa la ridhimu likamzunguka taratibu, wakamsubiri hadi akarudi mwenyewe, anacheka huku machozi yanamtoka. Hakuwahi kujua kwamba watu wanaweza kumsubiri.

Ignas alisimama mlangoni akingoja kuitwa zamu yake. Hakuna aliyemwita.